Mgongo wa Sostenes

Ukishuka kwenye bajaji pale kwa Emilian, mwenye bustani ya mapumziko kando ya ziwa la chumvi la Singida, kitu cha kwanza utakachokiona si ziwa. Ni mgongo wa mtu. Umechapwa mara mbili kwenye bango refu kama mlango. Kushoto umejaa magamba meupe na mabaka mekundu, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Kulia umetakata, unang'aa kwa mafuta. Chini pameandikwa KABLA na BAADA, halafu kwa herufi kubwa za bluu: MAJI HAYA YALIMPONYA, YATAKUPONYA NA WEWE. Mwenye mgongo wake yupo hapohapo, anapanga viti vya plastiki mchangani, na kila Jumamosi saa sita mchana anatakiwa avue shati.

Jina lake Sostenes, mzaliwa wa Iguguno kule Mkalama, miaka arobaini na saba, mkulima wa alizeti aliyeliacha shamba mikononi mwa mkewe. Watu humwonea wivu. Wanasema bwana huyu kaupata, analipwa mshahara wa kuoga. Waache waseme. Kwa miaka minne na nusu mtu huyu hakuwa na uhuru hata wa kujikuna mbele za watu.

Lile ziwa lenyewe tusilionee, maana halina kosa. Maji yake yana chumvi na magadi, yanateleza mkononi kama umeshika sabuni, na mtu aliyechoka akikaa humo nusu saa anatoka amelegea mwili mzima, usiku analala usingizi ambao hajauonja tangu msimu wa kulima uanze. Wazee wakishavuna huja kuloweka miguu iliyopasuka visigino. Wenye magoti mabovu huja na wajukuu wao. Vijana wa mjini hupanda juu ya yale mawe makubwa kupiga picha, na flamingo wakiwapo ndiyo kabisa, hawataki kushuka. Upepo unavuma mchana kutwa, kuku wa kienyeji anachomwa pembeni, mtu unajisikia tajiri. Hayo yote ni kweli, na kama Emilian angeishia hapo hakuna ambaye angeumia.

Sasa habari ya mgongo. Mwaka 2019 Sostenes aliota magamba kwenye viwiko. Akapuuza. Yakapanda mabegani, yakashuka mgongoni, yakawa yanawasha mpaka anajisugua kwenye nguzo ya boma kama ng'ombe. Pale kijijini hakuna aliyetamka neno ukoma mbele yake, lakini mtu hahitaji kutamkiwa. Stumai, mkewe, alinunua sahani ya bluu. Hakusema ya nini. Ugali ulipoiva wanaume wakakaa kwenye sinia moja kama kawaida, Sostenes akaletewa yake peke yake, pembeni, na yeye akaila bila kuuliza.

Aliyemtoa pale ni Emilian, mtoto wa mjomba wake, aliyekuwa amekuja kwenye msiba. Alimkuta Sostenes amekaa mbali na waombolezaji, juani, wakati kivulini kulikuwa na nafasi. Emilian ni mtu wa kelele na maneno mengi, lakini siku ile alifanya jambo ambalo Sostenes hawezi kulisahau. Alibeba ugali wake, akaja akakaa naye juani, akachovya kwenye mboga yake. Wakala sahani moja, watu wote wanaangalia. Walipomaliza Emilian akasema, "Panda gari. Kwangu kuna maji ya chumvi, utaoga."

Akaoga, asubuhi na jioni, na kuwasha kukapungua. Lakini kupona hakupona. Baada ya mwezi mmoja akasikia kuna daktari wa ngozi anayekuja kila Jumanne kwenye hospitali ya misheni, akaenda mwenyewe, kimyakimya, kwa sababu alikuwa anaogopa jibu. Daktari akamgeuza huku na huku akamwambia, "Huu si ukoma. Unaitwa soriasisi, hauambukizi mtu. Hauishi kabisa, lakini unatulia." Akampa tyubu ya dawa apake asubuhi na jioni, na akamwambia arudi kila mwezi. Kuhusu ziwa daktari alicheka tu. Alisema, oga, chumvi inalainisha magamba, dawa inapenya vizuri, ila usithubutu kuiacha dawa.

Miezi sita baadaye ngozi ikawa safi. Sostenes akasimama kanisani kutoa ushuhuda.

Hapo ndipo alipojifunga. Jumapili ile alikusudia kumtaja daktari, alikuwa ameshayapanga maneno. Lakini ushuhuda una adabu zake. Mtu hasimami mbele ya madhabahu kumshukuru Mungu akataja tyubu na masharti ya kupaka. Angeonekana imani yake imefungwa kizibo. Tena benchi la pili alikuwa amekaa Emilian, amevaa suti, macho yamemjaa machozi hata kabla neno halijasemwa. Sostenes akamwangalia, akakumbuka ugali wa juani. Akasema, "Mungu alinipa ndugu, ndugu akanipa maji, na maji yameniponya." Vigelegele vikapigwa. Aliona daktari hatakosa kitu kwa kutotajwa, kwani hakuwepo.

Wiki haikuisha, bango likasimama. Ile picha ya kushoto Emilian alikuwa nayo kwenye simu tangu siku ya kwanza. Ya kulia ikapigwa upya. Sostenes alitaka kusema kitu, akajiuliza aanzie wapi. Aanze kwa kusema alidanganya kanisani, au aanze kwa kusema ndugu yake anadanganya mji mzima?

Hakuanza popote. Akawa anapaka dawa mlango umefungwa, tyubu ameificha ndani ya soksi, na Jumanne ya dawa anaaga kuwa anakwenda sokoni. Hata kurudi kwake Iguguno kukafungwa, na aliyeifunga njia ni Stumai. Mama yule alizisikia habari za maji akaziamini kuliko mtu yeyote. Kila Sostenes akimpigia kwamba anataka kurudi, walau msimu wa kupanda, mkewe anajibu kwa upole, "Kaa hukohuko baba. Ukiyaacha maji yatakurudia. Huku tunakuombea." Na Sostenes hakuweza kumwambia kwamba angeweza kurudi hata kesho, na tyubu mfukoni. Akiisema tyubu, ameusema ushuhuda.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumamosi, akavua shati kama kawaida. Emilian kwenye spika, "Mgeukieni mumwone, si hadithi, mtu mwenyewe huyu hapa." Sostenes akazunguka mara mbili, watu wakapiga makofi. Shati likiwa bado mkononi akaitwa na bibi mmoja mfupi, mweusi, amejifunga mtandio wa kijani, amekaa kwenye kiti cha mbele kabisa.

"Ndiye wewe mgongo?"

"Shikamoo mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Nilidhani utakuwa mrefu. Nyie Wanyiramba kwenye picha mnakuwa warefu."

Alikuwa anaitwa Bi Sikudhani, wa Ihanja, amefikia kwa binti yake Flora huko Mwankoko. Akaanza kufungua kitambaa mguuni huku anaongea, na Sostenes akainama kumsaidia. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda, ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Nina sukari mwaka wa nane," bibi akasema. "Kliniki wananifunga bendeji, wananikataza kukikanyagia, wananikataza kukitia maji. Nimechoka. Flora akanionyesha picha yako kwenye simu. Nikasema, mimi nakatazwa maji na mwenzangu kapona kwa maji. Nimewaacha."

"Kinauma, mama?"

"Hata kidogo. Juzi nimekanyaga mwiba sikusikia. Ndiyo maana najua kinakaribia kupona."

Sostenes akauachia mguu taratibu. Pale hospitali ya misheni, foleni ya ngozi iko ubavuni mwa foleni ya watu wa sukari, na kwa miaka minne na nusu alikuwa amemsikia nesi akiwaambia maneno yaleyale kila anapokwenda. Kidonda kisichouma ndicho cha kukiogopa. Usikiloweke. Ukichelewa, kinaanza kukatwa kidole, unafuata mguu. Alikuwa anayajua maneno yale kama anavyoijua sala.

"Mama," akasema, "ungewauliza kwanza kule kliniki..."

Mkono wa Emilian ukatua begani mwake. "Anaogopa usije ukateleza tu, mama yangu. Karibu majini. Sostenes, mshike mama mkono."

Akamshika mkono. Akamwingiza majini polepole, bibi anacheka kwa baridi ya maji, na wakakaa humo mpaka vidole vyake vikakunjamana. Sostenes alijiambia atasema wiki ijayo, wakati watu ni wachache.

Wiki iliyofuata kidonda kilikuwa kimeota kingo nyeupe, laini, na harufu. Bibi aliona ule weupe ni nyama mpya. Sostenes akasubiri Emilian aende jikoni, akamwita bibi nyuma ya choo, akamtolea tyubu kwenye soksi. Akamwambia yote, daktari, Jumanne, kanisa. Akategemea bibi alie au amtukane.

Bi Sikudhani akaishika tyubu, akaigeuza, akamrudishia. "Na mimi napaka mafuta. Kila mtu ana mafuta yake."

"Si mafuta, mama, ni dawa. Hii ndiyo iliyoniponya. Rudi hospitali, mguu utakatwa."

"Umetumwa unifukuze. Mmeona bibi wa Ihanja hanunui kuku."

"Sikutumwa na mtu."

"Haya, nikuulize mwanangu." Akajishika kiuno. "Jumamosi iliyopita ulisimama mchana kweupe, mbele ya watu, ukasema maji. Leo unaninong'oneza chooni unasema si maji. Nimwamini Sostenes yupi?"

Bibi akarudi zake majini, amechukia kabisa, na safari hii hakutaka kushikwa mkono. Simu aliyompigia Flora nayo haikusaidia. Flora alimjibu kwa heshima zote kwamba mama haambiliki, na kwamba hata yeye ameiona picha.

Akabaki Emilian. Sostenes alimfuata mezani, akamwambia bango litolewe, kuna mtu atapoteza mguu. Emilian hakumfokea. Angefoka ingekuwa afadhali.

"Siku ile kanisani nilikushika mdomo?" akauliza. "Nilikupangia maneno mimi? Uliyasema mwenyewe nikalia mbele za watu. Sasa hapa wanakula watu sita, wanakula kwa maneno yako. Wakati kwenu wanakutengea sahani, ni nani alikaa na wewe?"

"Ni wewe, kaka."

"Basi kapange viti."

Akaenda akapanga viti. Huko ndiko alikofikia, mtu mzima mwenye mke na shamba. Aseme, haaminiki. Anyamaze, mguu wa watu unaoza. Aondoke, mkewe atamrudisha majini kwa machozi. Alikuwa amefungiwa ndani ya ngozi yake mwenyewe. Na akiwa anapanga vile viti ndipo alipoona kwamba kitu pekee ambacho bibi anakiamini hapa duniani ni ule mgongo, na kwamba mgongo angalau bado ni wake.

Siku ileile aliacha kupaka dawa.

Kuoga hakuacha, tena aliongeza, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alihakikisha wapishi wanamwona, asije mtu akasema aliyapuuza maji. Siku ya nane viwiko vikaanza kuwasha. Siku ya kumi na mbili akaona damu kwenye shuka. Alifurahi, jamani. Mtu anaona ugonjwa wake unamrudia na anafurahi, halafu anajionea huruma, halafu anajichukia kwa kujionea huruma wakati mwenzake ana mguu unaooza. Jumamosi ya pili alisingizia homa ili asivue shati. Bi Sikudhani siku hizo alikuwa anakuja kila siku, anachechemea, kidole kimeanza kuwa cheusi, na Sostenes akijaribu kumsogelea bibi anageuzia uso kwenye mawe. Alihesabu siku. Aliuomba mgongo wake uharakishe.

Jumamosi iliyofuata, saa sita, Emilian akaita kwenye spika. Watu walikuwa wengi, kulikuwa na kwaya imekuja mapumziko. Bi Sikudhani alikuwa majini, maji yamemfika magotini. Sostenes akasimama chini ya bango, akawapa watu kisogo, akavua shati.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja akauliza kitu, akanyamazishwa. Sostenes hakuchukua spika, lakini sauti yake ilifika kote kwa sababu hata kuku walikuwa wamesahauliwa jikoni.

"Nimeoga humu kila siku mara tatu," akasema. "Wapishi ni mashahidi. Nilichoacha ni hii." Akainua tyubu juu. "Nilipewa na daktari tangu mwanzo. Kanisani sikuitaja. Nilisema uongo pale, na nimeusema uongo hapa kila Jumamosi. Mama Sikudhani, huyu ndiye Sostenes wa mchana, mbele ya watu. Toka majini uende hospitali."

Bibi alimtazama mgongo. Alimtazama muda mrefu, midomo inacheza kama anayesoma. Kisha akamwita Flora, aliyekuwa amemsindikiza siku ile, amletee kanga, akatoka majini, akapita mbele ya Sostenes bila salamu, na bajaji ikawachukua.

Sostenes alingoja kufukuzwa. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye mfuko. Lakini watu walipotawanyika Emilian alikuja akakaa, akamwangalia yale mabaka kwa makini, baka moja moja, kisha akatoa simu akampiga picha.

"Rudia dawa yako," akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Miezi miwili, mitatu, utatakata. Tutasema ulitoka ukakaa kwenu mwezi mzima bila maji, ndiyo maana yakakurudia. Watu watasahau. Wale wa kwaya si hata wa hapa."

"Mimi sivui tena shati, kaka."

"Basi nenda Iguguno."

Walitazamana. Wote wawili walikuwa wanajua kwamba kwa mgongo ule hawezi kwenda Iguguno. Sostenes akavaa shati, akaufungua ule mfuko, akatundika nguo zake kwenye msumari uleule. Kesho yake alipanga viti.

Jumanne ya wiki ya pili akaenda kuchukua dawa, na kwa mara ya kwanza hakudanganya anakokwenda. Baada ya hapo akauliza wodi ya wanawake. Bi Sikudhani alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, bila mtandio, nywele nyeupe fupi. Shuka ilikuwa imeinuka upande mmoja mpaka mwisho wa kitanda, na upande wa pili ilikuwa imelala kuanzia chini ya goti. Sostenes akasimama hapo na mfuko wake wa machungwa ambayo mgonjwa wa sukari hapaswi kupelekewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Bibi hakuwa na hasira, au alikuwa amechoka mno kuwa nayo. Alieleza kwa utaratibu kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Daktari alimwambia uozo ulikuwa umeshapanda kwenye mfupa. Angekuja wiki zile za mwanzo, wangetoa kidole tu.

"Nilikusema vibaya kule chooni," akasema. "Nisamehe."

"Usiniombe msamaha, mama."

"Lakini nataka kujua kitu kimoja. Siku ile ya kwanza, uliponishika mkono ukaniingiza majini. Ulikuwa unajua?"

Sostenes aliangalia machungwa. Angeweza kusema alikuwa na wasiwasi tu. Angeweza kusema Emilian alimkatiza, na ingekuwa kweli.

"Nilikuwa najua."

Bi Sikudhani akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Siku ile watu walikuwepo," akasema. "Na shati ulikuwa umelishika mkononi. Ungesema siku ile ningekuamini."

Akajigeuza upande wa dirisha, kwa shida, na hakutaka kusaidiwa. Sostenes hakuinuka. Saa ya kuona wagonjwa ikaisha, nesi akapita anawaambia watu watoke, na yeye akaendelea kukaa, kwa sababu hakujua atoke aende wapi.